Wanaume wanakaa wapi ndani ya nadharia ya ufeministi? Msaada wa sura ya nadharia

SuraYaPili:

Shikamooni wakubwa, na habari za jioni kwa wengine wote.

Naandika tasnifu ya uzamili kwa Kiswahili juu ya akina baba na malezi ya watoto wachanga mjini. Sura ya nadharia imerudi na neno moja pembeni: "Tenganisha." Msimamizi anasema nimechanganya wanaume, uanaume na mfumo dume mpaka haijulikani kipi ni kipi. Naombeni mnisaidie hapa:

1. Ndani ya ufeministi mwanamume ni mtuhumiwa, mshirika, au mada tu ya utafiti? Nikisoma huyu anasema hivi, yule vile.

2. Zile aina nne za uanaume za Raewyn Connell, mwanasosholojia wa Australia, nilizichorea jedwali, nikawagawa humo watu 20 nitakaowahoji. Jedwali limekatwa lote. Kosa ni nini?

3. Ile aina ya juu kabisa naiitaje kwa Kiswahili? Nimeandika "uanaume tawala", mwenzangu ananiambia niandike "ubabe".

4. Mimi ni mwanamume. Nadharia yenyewe inaniruhusu?

---

Bi_Kabati:

Marahaba mwanangu. Anza na neno lenyewe, maana Kiswahili kimekutegea. "Mfumo dume" limebeba "dume", na dume ni la mbuzi, ni la ng'ombe. Msomaji akilisikia anamwona kiumbe mwenye misuli, haoni mpangilio. Ndipo sentensi kama "mfumo dume humpiga mwanamke" zinapita bila mtu kushtuka. Mfumo haupigi. Anayepiga ni mtu. Kazi ya mfumo ni kuhakikisha kwamba akishapigwa, jirani, mashemeji na mjumbe wa nyumba kumi wote wanamwuliza yeye: "Kwani ulimfanya nini?"

Kwa hiyo una vitu vitatu. Wanaume ni watu: wana umri, kipato, afya, mama zao. Uanaume ni namna ya kuwa mwanamume inayotambuliwa mahali fulani. Hufundishwa jandoni na vijiweni, hukaguliwa, na mtu aweza kunyang'anywa. Mfumo dume ni mpangilio wa kazi, mali, sheria na heshima unaowapa wanaume kwa jumla sehemu kubwa zaidi. Kila unapoandika "mfumo dume", jiulize kama unaweza kutaja sheria, hati ya kiwanja, mshahara au desturi unayoizungumzia. Ukikosa cha kutaja, ulitaka kuandika neno jingine kati ya hayo mawili.

Sasa swali lako la kwanza. Wanaotofautiana hapo wanaongea kutoka sehemu tofauti. Redstockings, kundi la wanaharakati wanawake wa New York, katika tamko lao la 1969, walisema wazi kwamba wanaume wote wamewakandamiza wanawake. Walikuwa wanajibu hoja ya wakati wao kwamba wa kulaumiwa ni "jamii" au "taasisi", maneno ambayo humwachia kila mwanamume mmoja mmoja aende zake nyumbani akiwa safi. Usiwadharau, hoja ile bado ina meno. Halafu 1977 wakaja Combahee River Collective wa Boston, wanawake Weusi, wakakataa kujitenga na wanaume: tunapigana pamoja na wanaume Weusi dhidi ya ubaguzi wa rangi, na tunapigana nao hao hao juu ya ubaguzi wa jinsia. Walikataa pia wazo kwamba ubaya wa mwanamume umo katika maumbile yake. Hawa wanakufaa sana, kwa sababu maelezo ya kimaumbile yakiingia kwenye tasnifu yako hakuna tena cha kutafiti.

Heidi Hartmann (1979) ndiye anayekupa mlango wa kuingilia. Kwake mfumo dume ni uhusiano wa wanaume *kwa wanaume*: wamepangwa kwa ngazi, wanatofautiana kwa tabaka na rangi, lakini wanategemeana katika kuidhibiti kazi ya wanawake. Ukikubali hivyo, kuwasoma wanaume si pambo la ziada. Huwezi kuuelewa mfumo bila kuangalia wanavyohusiana wao kwa wao.

Na bell hooks, mwandishi mwanamke Mweusi wa Marekani (jina lake huandikwa kwa herufi ndogo, usilisahihishe). Kitabu chake cha 1984 kina sura nzima inayowaita wanaume wenza katika mapambano. Watu humnukuu nusu. Nusu inayopendwa ni kwamba wanaume nao huumizwa na malezi ya kuficha hisia. Nusu inayorukwa ni kwamba kuumizwa huko hakumfutii mwanamume wajibu wake, na kwamba fukara anayenyanyaswa kazini aweza kabisa kuwa mnyanyasaji nyumbani. Ukimtumia, tumia zote mbili katika aya moja, la sivyo mtahini atakuuliza ile ya pili ilikwenda wapi.

---

Kalamu_Nyekundu:

Namba 2 na 3 niachieni.

Mkuu, jedwali limekatwa kwa haki. Connell hakutoa makapu manne ya kutilia watu. Dhana ilipangwa vizuri katika makala ya 1985 aliyoandika na Carrigan na Lee, akaipanua katika kitabu cha 1987, na mgawanyo wa sehemu nne ukakaa sawa katika kitabu cha 1995. Sehemu zenyewe ni *mahusiano*: uanaume unaotawala, uanaume unaoshiriki kimyakimya, uanaume uliowekwa chini, na uanaume uliosukumwa pembeni na tabaka au rangi. Mtu mmoja aweza kupita katika zaidi ya moja kwa siku moja. Asubuhi ni kibarua anayefokewa na msimamizi aliye mdogo kwake kiumri, jioni ni baba ambaye maji ya kuoga yameshapelekwa bafuni bila kuulizwa yametekwa na nani. Ukimweka kwenye safu moja ya jedwali umeshapoteza kile ulichokwenda kukitafuta.

Wanaokosea hukosea mahali pale pale. Wengine hudhani uanaume unaotawala ndio wa wengi. Si lazima, wanaoufikia wanaweza kuwa wachache mno, lakini wengine wote hupimwa kwa kipimo hicho. Wengine hudhani ndio wenye ukatili zaidi. Hapo ndipo "ubabe" unapoanguka. Connell aliazima wazo kwa Gramsci, mwanafikra wa Italia, na hegemonia ya Gramsci ni uongozi unaokubalika, unaoonekana kuwa ndiyo akili ya kawaida, hata kwa wanaoongozwa. Mwenye hegemonia hana haja ya kupiga meza kila siku. Ubabe hujitokeza pale ridhaa inapopungua. Andika "uanaume wenye hegemonia" mara ya kwanza, ueleze kwa sentensi mbili, kisha endelea na "uanaume tawala". Neno lako halina ubaya mradi umeonyesha kwamba kinachotawala ni kielelezo, si bwana fulani.

Halafu soma marekebisho ya 2005, ya Connell na Messerschmidt. Ni aibu kutumia dhana ya 1995 kama vile mwenyewe hakuigusa tena. Waliacha wazo la ngazi moja rahisi na wazo la orodha ya sifa ("mkali, hana machozi, anapenda mpira"). Wakasisitiza nafasi ya wanawake wenyewe katika kuujenga uanaume, na wakataka mtafiti aseme anazungumzia upeo gani: wa mtaa, wa nchi au eneo, au wa dunia. Kwako ni mtaa. Sema hivyo ukurasa wa kwanza, utajiepusha na maswali mengi.

Badala ya kugawa watu, gawa matukio. Katika kila mahojiano tafuta mahali mwanamume *anapohukumiwa*: nani anahukumu, kwa kipimo gani, na adhabu yake ni ipi. Kiswahili cha mjini kimekurahisishia, adhabu zina majina. Anayetunzwa na mwanamke ni *marioo*. Anayemsikiliza mkewe *amekaliwa*. Anayeonekana akianika nepi *kalishwa limbwata*. Hilo la mwisho lichambue polepole. Jirani hana maelezo mengine ya baba anayefua nepi isipokuwa dawa ya mke. Kuchagua mwenyewe hakumo kwenye orodha. Hiyo ndiyo hegemonia ikiwa kazini: haikatazi, ila inafanya jambo likose sababu inayoeleweka. Na angalia mhukumu ni nani. Mara nyingi ni mama mkwe au dada wa mume.

---

Mwanasheria_Mtaani:

Niongeze upande wa sheria, maana watu wa nadharia husahau kwamba uanaume umeandikwa pia kwenye vitabu vya Bunge.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, kifungu cha 63: ni wajibu wa mume kumtunza mkewe au wake zake, malazi, mavazi na chakula, kwa kadiri ya uwezo wake. Mke anaupata wajibu huo pale tu mume anaposhindwa kujipatia riziki kwa ugonjwa wa mwili au akili, naye mke awe na uwezo. Kifungu cha 66 cha sheria hiyo hiyo kinasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenziwe kwa viboko. Visome pamoja. Sheria moja inamvua mume fimbo na kumwachia mkoba. Ukitaka mfano wa uanaume tawala usio na ubabe, huo hapo.

Likizo nazo: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 zenye malipo, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa pamoja. Baba ni siku zisizopungua 3, azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inatoa miezi mitatu kwa mama na wiki mbili kwa baba. Zote zinamhusu mwajiriwa. Mwendesha bodaboda na machinga hawamo, na kama wahojiwa wako ni hao, usiandike "wanaume hawachukui likizo".

Connell ana neno la faida ambayo wanaume kwa jumla hupata bila kuiomba. Mimi huliita *gawio la mfumo dume*, kama gawio la hisa. Linafaa kwa sababu mwenye hisa si lazima aende kiwandani, hundi inamfuata. Ila gawio halilingani: mwenye hisa mbili na mwenye elfu mbili wote ni wanahisa.

---

KijanaWaKijiweni:

Mnaongea gawio, gawio lipi? Mwanamume wa leo hana kazi, mke ndiye anauza genge, yeye anaitwa kichwa cha nyumba bila hata kofia. Margrethe Silberschmidt aliandika haya tangu 2001: Kisii na Dar es Salaam, wanaume wamepokonywa nguvu na uchumi. Hiyo nayo ni nadharia, mbona hamuitaji?

---

Bi_Kabati:

Inatajwa, na aipate katika sura yake, kwa sababu ni ya huku huku kwetu. Lakini isome mpaka mwisho, kijana. Silberschmidt anasema cheo cha mkuu wa kaya kilibaki huku msingi wake wa mali ukiporomoka, na pengo likajazwa kwa wanawake wengi na kwa ukali. Sasa jiulize: aliyepoteza kipato amepoteza nini hasa? Amepoteza uwezo wa kuufikia uanaume tawala. Gawio hakulipoteza lote. Mke wa genge anaamka saa kumi alfajiri kwenda sokoni, anarudi anapika, anafua, na bado ruhusa ya kwenda msibani kwao anaomba. Ukiandika "wanaume wamepokonywa nguvu" bila kusema nguvu zipi na juu ya nani, umegeuza maelezo kuwa udhuru.

Hapo mwite Deniz Kandiyoti (1988). Anaeleza kwamba mwanamke huishi ndani ya mfumo kwa makubaliano fulani: natii, nawe utunze. Mume akishindwa upande wake, mke si lazima aanze kudai usawa. Mara nyingi anadai makubaliano ya zamani yatekelezwe: "Wewe mwanaume gani usiyelipa kodi ya nyumba?" Rudi kwenye kifungu cha 63 alichokileta mwanasheria uone silaha anayoishika ni ya nani. Wanafunzi wakilikuta hili kwenye mahojiano huandika kwamba "wanawake hawajaelimika". Si kweli. Anapiga hesabu kwa sarafu iliyopo.

---

Mto_Mara:

Mmezunguka Boston na Roma. Afrika nayo ina lake.

Ifi Amadiume (1987) aliandika juu ya Nnobi, Nigeria, ambako binti aliweza kushika nafasi ya mwana wa kiume na mwanamke akawa mume. Oyèrónkẹ́ Oyěwùmí (1997) akaenda mbali zaidi: kwa Wayoruba wa kale, anasema, kilichopanga watu ni ukubwa na udogo wa umri katika ukoo, na "mwanamke" kama kundi moja ni kitu kilichokuja na ukoloni. Kwetu Mara, Wakurya wana nyumba ntobhu: mwanamke asiye na mtoto wa kiume anatoa mahari, anaoa mke, na watoto wanahesabiwa wa nyumba yake. Umume, basi, ni nafasi, na mwili wa kiume si sharti lake. Lakini usiishangilie haraka, kwa maana nafasi hiyo inajazwa ili apatikane mrithi wa kiume. Muundo umebaki pale pale, aliyekalia kiti ndiye amebadilika.

Onyo moja kwa wanaopenda Oyěwùmí. Nimeshaona hoja kwamba Kiswahili hakina ubaguzi wa jinsia kwa sababu "yeye" ni mmoja na "a-" ni moja. Halafu mwandishi huyo huyo anaandika mwanamume *ameoa* na mwanamke *ameolewa*, na kijana aliyeoa *kapata jiko*. Sarufi ya viwakilishi haitoshi kuthibitisha chochote.

Na kwa upande wa siasa usisahau Azimio la Arusha la 1967. Limo humo kwamba wanawake wa vijijini ndio wanaofanya kazi kuliko wote Tanzania, na wanaume wa vijijini wako likizoni nusu ya maisha yao. Wengi hulitaja kama ushahidi kwamba Ujamaa ulikuwa wa kifeministi. Litazame vizuri: linahesabu *saa za kazi*. Dawa yake ni wanaume wafanye kazi zaidi. Haliulizi nani anauza pamba na fedha inaingia mfuko wa nani. Huo ni mfano mzuri wa kumwona mwanamume mvivu bila kuuona mfumo, na ni bora kuliko mfano wowote wa Ulaya utakaouweka hapo.

---

SuraYaPili:

Nashukuruni sana. Nimeanza kutenganisha. Namba 4 imebaki, na jingine limezuka: kwenye mwongozo wa mahojiano nina swali "Je, unamsaidia mkeo kulea mtoto?" Baada ya kusoma hapa nalitilia shaka.

---

Kalamu_Nyekundu:

Lifute. "Kusaidia" kumeshatoa jibu: kazi ni ya mke, wewe ni mgeni mwema. Baba atajibu ndiyo na atakuwa mkweli, maana alimbeba mtoto dakika tano mama akioga. Uliza jana. Kuanzia alipoamka mpaka alipolala, saa kwa saa: mtoto alikuwa wapi, nani alikuwa naye, nani alimbadilisha nepi, nani aliamka usiku. Kisha uliza kazi isiyoonekana: nani *alikumbuka* kwamba kesho ni kliniki? Baba anaweza kumpeleka mtoto kliniki kila mwezi na asiwe amewahi kuikumbuka tarehe hata mara moja.

Ukitaka dodoso la mitazamo, lipo la Pulerwitz na Barker lililotengenezwa Brazil na kuchapishwa 2008, sentensi 24, mtu anajibu anakubali, anakubali kiasi, au hakubali. Tatizo lake huku ni tafsiri. Sentensi ya kukanusha inayojibiwa "sikubali" inamchanganya msikilizaji wa Kiswahili: anayesema "ndiyo" kwa "mwanamume hapaswi kupika?" hujui amekubali kipi. Zigeuze ziwe za kauli yakinishi, ujaribu kwa watu 5 au 6 kwanza, umwombe kila mmoja arudie swali kwa maneno yake kabla hajajibu.

Pia usiamini mitazamo peke yake. Maneno ya semina yanakaririka. Baada ya kikao kimoja kila mtu anajua jibu linalotakiwa. Mpango wa SASA! wa kuzuia ukatili dhidi ya wanawake, uliobuniwa na shirika la Raising Voices huko Kampala, haukuanza kwa kuwauliza watu juu ya wanaume wabaya. Ulianza na mamlaka: mtu anayo ya namna gani, na anaitumia juu ya nani. Na ulipopimwa, kimojawapo cha vipimo vikuu kilikuwa yale wanawake waliyosema yamewapata mwaka uliopita. Matokeo yaliyotoka 2014 yalionyesha ukatili wa mwili kutoka kwa mwenzi chini kwa asilimia 52 katika mitaa iliyopata mpango ukilinganisha na isiyoupata. Funzo lake kwako ni dogo na la kiutendaji: anayejua kama baba amebadilika si baba.

---

Bi_Kabati:

Ila hapo pana hatari. Ukitaka kuwauliza wake pia, usimhoji mume na mke wa nyumba moja juu ya ugomvi au ukatili. Mume akigundua maswali aliyoulizwa mwenzake, atakayelipa ni mke, wewe ukiwa umeshapanda daladala. Chukua wake kutoka mitaa mingine. Kwa malezi ya kawaida unaweza kuwahoji wote wawili, kila mmoja peke yake, na ratiba ya "jana" ya mmoja usimsomee mwingine kamwe, hata kwa utani.

Na namba 4, kama nadharia inakuruhusu wewe mwanamume. Stephen Heath, mhakiki wa fasihi, katika mjadala uliochapishwa 1987, alisema uhusiano wa mwanamume na ufeministi hauwezekani. Watu hudhani alikuwa anafunga mlango, kumbe alikuwa anaeleza mwanamume anasimama wapi anapoingia. Sandra Harding, mwanafalsafa wa Marekani, anakufaa zaidi. Kwake mtazamo wa kifeministi haurithiwi kwa kuzaliwa mwanamke. Hupatikana kwa kuanzia fikra kwenye maisha ya wanawake, na mwanamume anaweza kuanzia hapo, kisha ageuke kujitazama alipokaa. Kwako maana yake ni kazi mbili. Mwongozo wako uanze na siku ya mama, ndipo uulize baba yuko wapi ndani yake. Na katika sura ya mbinu, eleza uanaume wako ulikupa nini uwanjani: wanaume watakwambia mambo ambayo mwanamke asingeambiwa, na watakuficha mengine kwa kukuona mkaguzi wa kijiwe. Andika pia mara walizosema "wewe mwenyewe si mwanaume, unajua." Pale usicheke ukapita. Uliza, "Najua nini?" na ukiache kinasa sauti kiendelee.

---

SuraYaPili:

Nimeelewa bibi. "Kusaidia" nimeliondoa mara 11 kwenye sura moja. Jedwali nalo nimelitupa.